Vikao vya Harusi na Haki ya Asiyekuwamo



Rajabu na Shaabani ni miezi ya harusi katika miji yetu ya pwani, kwani watu hupenda kumaliza shughuli zao kabla ya Ramadhani kuandama. Usiku mmoja wa miezi hiyo, baada ya sala ya Isha, tulikuwa katika darasa yetu tukisoma Minhaj ya Imamu Nawawi, nasi tumefika mlango wa walima. Kijana mmoja, ambaye ada yake ni kukaa karibu na mlango na kusikiliza tu, aliinua mkono akasema: "Sheikh, mimi nimeposa na nimekubaliwa. Mahari imetajwa na sikuona uzito. Sasa ni mwaka wa pili naambiwa ningoje, kwa kuwa mambo ya harusi hayajakamilika. Nataka kujua, katika kungoja huku, dhambi i juu ya nani?"

Tulimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyelizoea swali, kwamba israfu ni haramu, na kwamba Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Israi amewafanya wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Kijana akatoa simu yake mfukoni, akasema: "Hayo nimeyasikia, Sheikh, na nimeitafuta israfu katika orodha hii sikuiona. Tafadhali nitafutie wewe."

Tukaipokea tukaisoma tangu juu hata chini. Ilikuwa na vitu 23, navyo ni vya upande wake peke yake: sanduku la bibi harusi na nguo zilizomo, kitanda na kabati, halwa na kahawa ya siku ya nikahi, mchango wake katika ukumbi wa siku ya kupamba, magari, mpiga picha, sare za mamake na shangazi zake, na mengine ya namna hiyo. Jumla yake shilingi 640,000. Kijana ni karani katika duka, na mshahara wake ni shilingi 28,000 kwa mwezi. Basi lau angeliweka mshahara wote asile wala asilipe kodi, angelihitaji karibu miezi 23. Na kweli, kila kitu tulichokishika peke yake tulikiona halali. Nguo ni halali. Halwa ni halali. Kumvika mamako ni wema, tena ni ibada. Tukamrudishia simu yake, tukamwambia kwamba jawabu letu la kwanza lilikuwa la haraka, na kwamba tutaliandikia swali lake katika kurasa hizi.

Maneno haya hayakusudii kumtia aibu mtu yeyote katika mji, na kama msomaji atajiona humo, na ajue kwamba sisi tumejiona kabla yake.

Kwanza tuweke mbele yetu lile ambalo sheria imelitaka. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nguzo za nikahi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Mahari ni haki ya mke, na hata yasipotajwa nikahi husihi. Walima ni sunna iliyotiliwa nguvu. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipooa Madina kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende, Mtume (s.a.w.) alimwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na Mtume mwenyewe alipomwoa bibi Safiyya, walima wake ulikuwa ni tende na samli na maziwa yaliyokaushwa, hapakuwa na mkate wala nyama. Katika harusi ya mmoja wa wakeze palipikwa mudd mbili za shayiri, yaani kama vibaba viwili. Na harusi ya bibi Zainab bint Jahsh, ambayo Anas (r.a.) asema hakuona walima mkubwa kuipita, ilichinjwa mnyama mmoja.

Hatuyataji haya ili kuwanyima watu furaha yao. Dini yetu haikuja kuzifanya harusi kuwa matanga. Bibi Aisha (r.a.) alipompeleka mwanamke mmoja kwa mumewe katika Ansari, Mtume aliuliza kama hapakuwa na lahwi yoyote, kwani Ansari walikuwa watu wa kupenda mchezo. Nikahi yatakiwa itangazwe, watu wale, wanawake waimbe na wafurahi. Wako wenzetu ambao wakisimama mimbarini hukataza kila kitu mpaka mtu akatoka msikitini akidhani kwamba harusi ya sunna ni ile isiyochekwa. Sisi hatumo katika hao.

Basi madhara yatoka wapi, ikiwa furaha ni halali na kila kilicho katika orodha ni halali?

Tutazame vikao vyenyewe. Zamani shughuli ilipangwa na wazee wawili watatu barazani na kina mama jikoni. Siku hizi hufanywa kikao. Akachaguliwa mwenyekiti, katibu, na mshika fedha. Ikafunguliwa jamaa ya WhatsApp, na kila apelekaye mchango wake kwa M-Pesa jina lake likaandikwa hapo na kiwango chake, watu wote wakaliona. Mwanzo wa kikao huwa mzuri: hunuiwa, husomwa Fatiha, na baba husema kwamba ataka jambo dogo. Kisha huinuka shangazi akakumbusha kwamba harusi ya fulani mwaka jana ilikuwa na kitu kadha. Hasemi kwa ubaya. Baba hunyamaza. Katibu huandika. Hakuna hata mmoja aliyekuja pale akitaka kumdhulumu mtu, na wakiinuka wameshapanga jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angelilipanga kama angelikuwa peke yake. Ukiuliza ni nani aliyelitaka, kila mtu atakuonyesha mwenziwe, na wote watakuonyesha "watu". Watu watasemaje? Na hao "watu" hawakuitwa kikaoni, wala hawakuulizwa.

Ndugu yetu mmoja katika darasa, naye ni mfanyibiashara ambaye Mungu amemkunjulia, alituambia: "Mali ni yangu, nimeitafuta kwa halali, zaka nimeitoa. Nikimfurahisha binti yangu siku moja katika umri wake, maskini wa mtaa wa pili nimemwibia nini? Tena mpishi amepata, mshoni amepata, mwenye halwa amepata." Hoja hii si nyepesi, na hatupendi kuipita kama kwamba hatukuisikia. Ni kweli kwamba riziki za watu wengi zimo katika harusi, na ni kweli kwamba ubahili nao ni ila; Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqani amewasifu wale wasiopita kiasi wala wasiobana mkono.

Lakini twamwambia: lau furaha yako ingelikwisha siku ile, tungelikuacha na mali yako. Yaliyo ni kwamba haikwisha. Umefanya jambo mbele ya mji, na wewe ni mtu atazamwaye. Mwaka ujao jambo lile litakuwa ndilo desturi, na mwaka wa tatu litakuwa sharti. Atakayelipa sharti hilo si wewe. Ni kijana akaaye karibu na mlango. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aanzishaye mwendo mwema ana ujira wake na ujira wa waufuatao, na aanzishaye mwendo mbaya ana dhambi yake na mfano wa dhambi za waufuatao. Sisi twadhani kwamba wengi wetu tukisikia hadithi hiyo huwaza mambo makubwa kama ulevi na ngoma za usiku. Hatuwazi viti vya ukumbi. Na huenda hisabu yetu ikawa katika viti, kwani ulevi twauona tukaukimbia, na viti twavikalia.

Na liko jambo jingine hapo, nalo ni la michango. Kusaidiana ni wema ambao pwani yetu imejulikana kwao, na mwenye harusi huchangiwa tangu kale. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu wamesema kwamba mali ichukuliwayo kwa mtu kwa kumtahayarisha, naye moyoni hakuridhika, ina hukumu ya mali iliyonyang'anywa. Tumpime basi yule jamaa aliyeamka asubuhi akaona majina 40 yameandikwa na viwango vyake, na jina lake ndilo lisilokuwamo. Akapeleka. Alipeleka karo ya mwanawe. Je, ile ni sadaka, au ni ngawira? Mshika fedha hajui, wala hakuuliza, naye aila pilau yake kwa moyo safi. Tena mwenye kuchangia huandikwa ili naye siku yake arudishiwe, na asiyerudishiwa hununa. Ikawa twaita msaada kitu ambacho kwa kweli ni deni lisilo na shahidi wala muda.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yameletwa na simu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1903, ametaja ada nyingi za arusi za watu wa Mrima, kama kilemba cha baba na mkaja wa mama, na kila moja ilikuwa na bei yake. Hapa Mombasa, vyama vya lelemama vya kina mama, mashuhuri yao Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa ngoma na karamu na mavazi, na ushindani ule bado wakumbukwa na wazee. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye hapa mjini alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947, alitumia kalamu yake kuwaamsha watu wa pwani wazitazame desturi zao kwa jicho la dini na la akili. Kwa hivyo ugonjwa ni wa kale, na waganga wamepita.

Hata hivyo twaona kwamba kuna kitu walichokuwa nacho watu wa zamani ambacho sisi tumekipoteza, nacho si kidogo. Harusi zao zilikuwa na gharama, na wako waliokopa. Lakini pilau ilipikwa uchochoroni kwa masufuria makubwa, na apitaye alikula. Aliyekuja na kadi na asiyekuja na kadi, hamali, mwendawazimu wa mtaa, watoto wa madrasa, wote walipata sinia. Mwenye kuharibu mali yake aliiharibu katika matumbo ya watu. Leo mwenye ukumbi huhesabu kwa sahani. Kila mtu ana bei. Na mtu akishakuwa na bei, kikao huanza kupunguza watu, na wapunguzwao ni wale wale: jirani, mjane, jamaa wa mbali asiyekuwa na sare. Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni chakula cha walima ambao huitwa matajiri wakaachwa maskini. Na fukahaa wetu, walipotaja kwamba kuitikia mwito wa walima ni wajibu, waliweka sharti kwamba mwenye kuita asiwe amewakusudia matajiri peke yao. Walituona kabla hatujazaliwa.

Hapa tutasema la nafsi zetu, kwani si adabu kumwonyesha mwenzio kibanzi nawe umeficha chako. Mwaka tulipomwoza binti yetu mkubwa, nasi tulikuwa tumeshatoa darasa tatu juu ya israfu, tuliketi kikaoni tukiwa tumeazimia kupunguza. Tukapunguza. Tuliondoa gari moja, tukaondoa maua, tukajiona tumefanya kazi. Kisha ukumbi ukatupa kadi 300 na tulikuwa na majina 410, na usiku mmoja tukaketi na kalamu tukakata majina 110. Hatukumkata mfanyibiashara hata mmoja. Hatukumkata sheikh hata mmoja. Tulimkata bibi mmoja jirani yetu, ambaye usiku alipozaliwa binti huyo yeye ndiye aliyemkosha na kumfunga nguo, kabla hata ya sisi wenyewe kumwona. Tulisema kwamba ni mkongwe na ukumbi u mbali. Asubuhi ya pili alitukuta mlangoni tukitoka, akatupa mkono, akasema, "Hongera, mwanangu." Hakuongeza neno. Hatukulala vyema siku nyingi, na mpaka leo tukifika katika hadithi ile ya Abu Huraira sauti yetu hupungua, na wanafunzi hudhani ni kifua.

Tumejifunza katika jambo lile kwamba swali la kwanza la kikao si "twatumia kiasi gani?" Mtu aweza kutumia kidogo na akadhulumu. Swali ni: ni nani atakayebeba tuliyoyapanga hapa, naye hakuketi nasi? Bwana harusi mara nyingi huwa hayumo, au yumo akiona haya kusema. Bibi harusi hayumo kabisa. Hayumo kijana atakayeposa mwakani. Hayumo yule bibi jirani. Wote hao tumewaamulia.

Na bibi harusi ndiye tumdhulumuye kwa namna ya ajabu. Tumeshuhudia ndoa si moja ambazo mwenye ukumbi alidai arubuni yake akalipwa taslimu, mpiga picha akalipwa taslimu, na mahari, ambayo ndiyo haki pekee katika orodha nzima iliyoamrishwa na Mwenyezi Mungu, yakaandikwa kuwa yatalipwa baadaye. Huyo mgeni asiyedai ndiye huahirishwa. Kadhalika cheti: Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa za Kiislamu nazo ziandikishwe kama nyingine, na wako waliokumbuka rangi ya vitambaa vya meza wakasahau cheti, mpaka mume alipokufa mjane akawa ahangaika na mashahidi.

Tulipokuwa tukiyasema haya katika darasa, na kama kawaida yetu wanaume tukawa twaelekea kuwalaumu wanawake, mama mmoja alisema nyuma ya pazia: "Masheikh, sare mwazihesabu. Na yale magari sita yanayopiga honi, huwa yamekodiwa na sisi?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, lakini maneno yake ni ya haki. Tena tufikiri: mwanamke ambaye kwa miaka 20 amekwenda katika harusi za watu akipeleka tuzo na kufua masufuria, na hii ndiyo siku yake moja ya kuonekana mbele ya wenziwe kwamba naye amelea, haitoshi kumwambia kuwa ni haramu kisha tukaenda zetu kahawani. Yatupasa tukae naye tumpe heshima yake kwa njia nyingine, na tukishindwa kuipata njia hiyo basi sehemu ya dhambi ni yetu.

Mpango wenyewe si mgumu. Kikao kianze na nikahi, wala si na ukumbi: walii, mashahidi, mahari mkononi mwa mwenyewe, cheti, na nyumba watakayokaa wawili hao mwezi wa pili wageni wakishaondoka. Yakisha hayo, ihesabiwe fedha iliyopo bila ya kukopa, na ijulikane kwamba hiyo ndiyo walima, ikiwa ni mbuzi au ikiwa ni tende. Michango na ipelekwe kwa mshika fedha peke yake, wala majina yasitangazwe. Na katika wageni, waanzwe wa uchochoroni. Mwenye mali akitaka kuzidisha, na azidishe masufuria. Anayetaka kumfurahisha binti yake, na awafurahishe kwa jina lake vijana wawili waliokwama, awatimizie nikahi yao siku hiyo hiyo. Hilo nalo ni mwendo, na huenda mwaka wa tatu likawa sharti.

Yule kijana tulimpa jawabu wiki ya nne. Tulimwambia kwamba dhambi ya kungojeshwa kwake, ikiwa ipo, imegawanyika, na kwamba yeye ana fungu lake kwa kunyamaza, mkwewe ana fungu lake kwa kuogopa ndimi za watu, wenye mali wana lao, na sisi wenye darasa tuna fungu kubwa, kwa kuwa mji ulitutazama siku ya harusi yetu ukaona kadi 300. Akauliza, "Basi nifanyeje?" Tukafuatana naye mpaka kwa baba wa binti. Mzee alitusikiliza kimya, kisha akasema kwamba yeye tangu mwaka wa kwanza alikuwa tayari, ila hakuna aliyemwuliza. Nikahi ilifungwa Ijumaa baada ya Alasiri, kwa halwa na kahawa, na mahari yakalipwa yote. Mama wa binti bado hajaturidhia, kwani kupamba hakujafanywa, nasi twamwomba radhi katika ukurasa huu, na twamwambia kwamba ana haki ya kukasirika.

Binti yetu wa pili naye ameposwa. Kikao kimewekwa baada ya Ramadhani. Bibi yule jirani tumempelekea habari kabla ya shangazi zake, naye alicheka sana, kisha akauliza kama safari hii ni pilau au ni sahani za kuhesabiwa.